Chumba Nilichokiziba

Watu wa bara wanatucheka tukisema Dar es Salaam kuna baridi. Mimi mwenyewe ni mtu wa bara. Nimezaliwa milimani kule Mbinga, ambako asubuhi mtu akisema neno linatoka na moshi wake, na kwa miaka kadhaa niliwacheka watu wa pwani waliovaa sweta mwezi wa saba. Niliacha kucheka usiku mmoja wa kipupwe, nikiwa nimelala juu ya saruji mbele ya duka la ushirika, Kariakoo. Baridi ya kwetu mtu huipokea akiwa ndani ya nyumba, karibu na moto. Ile ya Kariakoo niliipokea kwa mgongo, na upepo wa kusi ulipita mtaani ukiingia kwenye kila upenyo wa nguo yangu.

Ilikuwa miaka ya foleni. Mtu alikuwa akiona watu wamejipanga, anajiunga kwanza, halafu ndipo anamuuliza wa mbele yake kunauzwa nini. Nimewahi kusimama kwa muda wa saa tatu nikaishia kuuziwa nyembe, mimi mwanamke nisiye na ndevu. Lakini siku ile nilijua ninachokingoja. Nilikuwa nangoja blanketi, moja tu, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote ambaye angesimama kati yangu na hilo blanketi.

Mdogo wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba kichwa chake kilienea kiganjani mwangu na miguu haikufika kwenye kiwiko. Baada ya wiki tatu za wodini waliruhusiwa kurudi nyumbani, na muuguzi akatuita pembeni. Mume wa mdogo wangu alikuwa safarini akiendesha lori la watu, kwa hiyo muuguzi alinitazama mimi niliye mkubwa.

"Huyu bado hajaweza kujitengenezea joto lake," alisema. "Akipigwa na baridi mtampoteza. Mfunikeni vizuri na asikae penye upepo."

Maneno hayo yaliniingia kichwani yakakaa. Tulikuwa tunapanga chumba kimoja Mchafukoge, katika nyumba ya familia ya watu wa pwani, chumba chenye kitanda kimoja na blanketi moja lililochakaa hadi ukiliinua unamwona mtu aliye upande wa pili. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini, ndiye niliyekuwa nalipa kodi, na nitasema ukweli: ndani ya chumba kile sauti yangu ilikuwa sheria. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mkali, tena nilijisifia ukali wangu, nikiamini kwamba bila huo ukali tungekuwa tumekwisha kurudi kijijini.

Tulikuwa pia na shangazi. Dada yake baba, aliyetulea tangu mama alipofariki, alikuja kwa basi kutoka Mbinga na kapu la maharage ili amtunze mzazi. Kwetu mzazi na mtoto hulala karibu na moto. Hilo halina mjadala. Moto uko katikati ya nyumba, kuni zinavuta polepole usiku kucha, na mtu anayeuacha uzime wakati kuna kichanga ndani atasemwa kijiji kizima. Kwa hiyo siku ya kwanza tu shangazi alitafuta jiko, akawasha mkaa, akaliweka chini karibu na kitanda.

Nilifurahi. Nikaona hapo sasa kazi iliyobaki ni kuzuia joto lisitoke. Dirisha letu lilikuwa na wavu tu, bila kioo, basi nikaligongelea maboksi. Kuta za chumba hazikufika juu kabisa, palikuwa na uwazi wa shibiri moja kati ya ukuta na bati. Nikapanda juu ya meza na kusokomeza vipande vya magunia kwenye uwazi wote. Chini ya mlango niliviringisha mkeka. Shangazi alinitazama muda wote huo akiwa amemshika mtoto.

"Mwanangu, sasa nyumba itapumua wapi?" aliuliza.

Angekuwa mtu mwingine ningemjibu vizuri. Lakini nilikuwa nimechoka, na shangazi alikuwa mpole, na watu wapole ndio wanaoonja hasira zetu. "Shangazi, hapa siyo kijijini," nilimwambia. "Muuguzi amesema asipigwe na upepo. Mimi naenda kulala nje kwa ajili ya huyu mtoto. Nikirudi nikakuta mtu amefungua huo mlango au amegusa hayo magunia, tutakosana. Sitaki kusikia habari ya kupumua."

"Sawa, mwanangu. Hatutafungua."

Niliondoka nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Mwenzangu wa ofisini alikuwa amenong'ona kwamba mablanketi yameshushwa Kariakoo. Wenye kuyaona walisema ni robota mbili tu, na kwamba yatauzwa asubuhi, moja kwa kila mtu. Nilifika saa kumi jioni nikaandikishwa namba kumi na moja. Mchana mtu angeweza kuweka jiwe lake kwenye mstari akaenda zake, na jiwe liliheshimiwa kuliko mwenye jiwe. Usiku jiwe halikuhesabika. Alfajiri, mara baada ya adhana ya kwanza, karani wa foleni angepita na daftari akiita namba, na asiyeitika angekatwa kwa kalamu nyekundu. Hakukuwa na kusamehewa, hata ungekuwa umekwenda haja.

Kulala nje kuna ufundi wake, na ule usiku niliujifunza kwa haraka. Kosa la wageni wa foleni ni kujifunika sana juu na kusahau chini. Saruji inanyonya joto la mtu kuliko upepo. Nilitandika maboksi mawili, nikaingiza miguu yangu kwenye gunia hadi kiunoni, nikajifunga khanga mbili kifuani, na kati ya khanga na gauni nikapanga magazeti ya wiki nzima. Kila nilipojigeuza nilisikika nikichakarika. Hata hivyo ilipofika saa sita, manyunyu yakaanza, yale membamba yasiyo na kelele, na baridi ikapita magazeti yote.

Mbele yangu, namba tisa, alikuwa mama mmoja mnene aliyekuwa akiuza muhogo wa kuchoma, na alikuwa amekuja na jiko lake la biashara. Namba kumi alikuwa kuli wa sokoni mwenye turubai. Wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe, wakaliangika turubai kwenye nondo za dirisha la duka, wakalishusha hadi chini, na jiko likaingia ndani. Wakanikaribisha. Tulikuwa watu saba tumebanana, tukazikandamiza kingo za turubai kwa yaleyale mawe yaliyokuwa yakitushikia nafasi mchana. Sitasahau lile joto la kwanza. Vidole vyangu vilianza kuuma vikirudiwa na damu, nikafumba macho, nikamwona mtoto wetu kule nyumbani akiwa amelala kama mimi, amefunikwa na joto kama langu.

Aliyetusumbua alikuwa namba tatu. Huyu alikuwa mzee wa makamo kutoka Kisarawe, mkavu, mwenye kukohoa, na kikohozi chake kilikuwa kimenikera tangu jioni. Alikataa kuingia chini ya turubai. Alikaa nje kwenye manyunyu amejikunyata, na kila baada ya muda alikuja akainua pembe ya turubai na kuiacha wazi, na upepo ukatuingilia.

"Acheni hewa ipite," alisema. "Mkaa huo utawalevya. Mimi nimechoma mkaa miaka mingi, naujua."

Mara ya kwanza kuli aliishusha ile pembe. Mara ya pili mama wa muhogo aliguna. Mara ya tatu nilimkamata mkono.

"Mzee, we si umekataa kuingia? Basi tuache sisi wenye baridi zetu. Au unataka tukimbie mvua, tukatwe majina, halafu ndugu zako wachukue nafasi?"

Watu walicheka. Alinitazama kwenye mwanga wa tochi ya mlinzi wa duka aliyekuwa akipita, na sikuona hasira usoni mwake. Alisema tu, "Haya, binti," akarudi kwenye manyunyu yake. Mimi mwenyewe nililivuta jiwe na kuikandamiza ile pembe. Nilijiona nimeshinda.

Sijui nililala kiasi gani. Nakumbuka niliamka na kichwa kikigonga, ulimi mzito, na fikra zikinijia moja moja kwa mbali. Nilitaka kugeuka nikaona hakuna haja. Ilikuwa raha, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba ilikuwa raha. Kisha mama wa muhogo aliniangukia begani. Nilimsukuma, akaanguka upande wa pili. Nilimwita, "Mama! Mama, ee!" na sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine. Hakuitika. Povu lilikuwa limemtoka mdomoni.

Sikumbuki nani alipiga kelele. Nakumbuka turubai likinyanyuliwa lote kwa mkupuo na yule mzee wa Kisarawe akimburuta mama wa muhogo kwa makwapa hadi katikati ya barabara, kwenye manyunyu. Kuli alikuwa anatapika. Mimi nilitambaa kwa magoti, na upepo uliponipiga usoni niliunywa kama maji. Mzee alimgeuza mama ubavu, akampigapiga mgongoni, akamwita. Baada ya muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza, mama akakohoa, akavuta pumzi kwa kelele, akaanza kulia.

"Kaponea chupuchupu," alisema mzee. "Na hapa ni nje, penye matundu. Ingekuwa ndani ya chumba kilichofungwa, saa hizi tungekuwa tunatafuta sanda."

Nilikuwa nimekaa kwenye saruji iliyolowa. Nikaona dirisha letu na maboksi yake. Nikaona magunia, moja moja, jinsi nilivyoyasukuma kwa ngumi ili yasiache hata upenyo wa kidole. Nikamsikia shangazi akisema, hatutafungua.

Nitakiri jambo ambalo sikuwahi kumwambia mdogo wangu. Sikukimbia mara moja. Nilisimama, nikatazama mstari, nikahesabu watu kumi mbele yangu na robota mbili ndani ya duka, nikajiambia kwamba adhana haiko mbali, kwamba pengine mkaa umeshazima wenyewe, kwamba nikiondoka nitakatwa. Haikuzidi pumzi tano au sita. Lakini zilikuwepo, nami nilizihesabu.

"Mzee," nilimwambia, na nilishindwa kumtazama machoni. "Nyumbani kuna jiko. Chumba nimekiziba. Kuna mtoto mchanga, na mama yake, na shangazi yangu."

"Wapi?"

"Mchafukoge."

Alitupa gunia lake begani, akaanza kukimbia kabla yangu.

Tulitoka mbio kupita maduka yaliyofungwa, watu waliolala barazani ndani ya magunia, mbwa waliotufuata kidogo wakaacha. Kichwa kilikuwa kikinizunguka na miguu ilikuwa inakataa. Mzee alikohoa kila hatua, akikimbia ameinama ameshika kifua, lakini hakusimama. Tulipoingia viwanja vya Mnazi Mmoja filimbi ikalia. Mgambo wawili wakatoka kwenye giza na marungu, maana siku hizo mtu aliyeonekana usiku bila kitambulisho aliweza kupakiwa kwenye lori na kupelekwa kulima. Kitambulisho changu kilikuwa kwenye mkoba, na mkoba nilikuwa nimeuacha Kariakoo.

"Simameni! Mnakimbilia wapi?"

Kwa kawaida yangu ningewajibu kwa ukali, maana niliamini ukali unafungua kila mlango. Ule usiku nilipiga magoti kwenye majani yaliyolowa. Nikawaambia, jamani, ndugu zangu, kuna watu wanakufa nyumbani kwangu, nifuateni, nikamateni huko huko. Mmoja alinimulika usoni, kisha akammulika mzee aliyekuwa ameshindwa kuongea kwa kikohozi. Akashusha rungu.

"Nendeni," alisema. "Nendeni upesi."

Mlango wa nje ulifunguliwa na mama mwenye nyumba ambaye alikuwa ameshaamka kutia udhu. Nilimpita bila hata shikamoo. Mlango wa chumba chetu ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Nilibisha kwa viganja viwili, nikamwita mdogo wangu, nikamwita shangazi, nikasema ni mimi, fungueni. Hakuna sauti iliyotoka, hata ya mtoto. Mzee alinisogeza kando, akaupiga mlango kwa bega, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu komeo liling'oka na misumari yake.

Joto likatutokea usoni. Lilikuwa joto zuri, lilelile nililolitaka. Shangazi alikuwa chini, amelala ubavu nyuma ya mlango, mkono mmoja umenyooka kuelekea kwenye komeo. Mdogo wangu alikuwa kitandani amefumba macho, mtoto juu ya kifua chake chini ya lile blanketi letu moja. Mzee alimbeba shangazi. Mimi nilimchukua mtoto, nikamkabidhi mama mwenye nyumba, nikarudi kumburuta mdogo wangu kwa mikono miwili hadi uani.

Nje manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Mtoto ambaye nilikuwa nimeapa asiguswe na upepo alikuwa sasa uani alfajiri ya kipupwe, na ule upepo ndio tuliokuwa tunauomba. Alikuwa kimya, midomo imebadilika rangi. Nilimchukua tena, nikararua magazeti yote kifuani kwangu, nikamlaza ngozi kwa ngozi, uso wake nje, na mama mwenye nyumba akatufunga khanga kwa nyuma. Nilihisi ubavu wake mdogo. Nilihisi hauendi. Nikampulizia usoni, nikamsugua mgongo kwa vidole viwili, nikamwambia kwa Kimatengo, lugha ya kwetu, maneno ambayo sikuwa nimeyasema tangu utotoni. Kisha kitu kikakwaruza kifuani mwangu, kikanyamaza, kikakwaruza tena, na akalia. Kilikuwa kilio chembamba cha hasira. Nikalia naye.

Mdogo wangu alitapika, akafungua macho, akaanza kupapasa akimtafuta mtoto. Nilimwonyesha. Wapangaji wengine walikuwa wametoka, kila mmoja na alichonacho, khanga, shuka, kitambaa cha meza, na tukakaa chini ya kipenu cha jikoni tumebanana mgongo kwa mgongo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kurudi ndani. Adhana ya kwanza ikasikika. Nilijua kule Kariakoo karani ameshaanza kupita na daftari.

"Mzee, kimbia," nilimwambia. "Wewe ni namba tatu, huenda ukawahi. Kimbia upate blanketi lako."

Alikuwa amekaa kwenye mchanga, amekipakata kichwa cha shangazi. "Nililitaka kwa ajili ya hiki kifua," alisema. "Nikikimbia tena saa hizi, kifua chenyewe kitaniacha. Tulia, binti."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikasogea nyuma ya shangazi, nikamwegemeza kwangu, mtoto upande mmoja na yeye upande mwingine, nikamfunika mabega kwa khanga yangu ya mwisho. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Tulimwita sana, na palikuwa pamekwisha kuanza kupambazuka aliposogeza midomo. Alifungua macho kidogo. Mbele yake alimwona mzee asiyemjua. Mimi niliyekuwa nyuma yake hakuniona.

"Baba," alimwambia kwa sauti ya chini, "tafadhali. Nilifungua mlango. Kichwa kilikuwa kinazunguka, nikaufungua mara mbili, nikaufunga tena. Usimwambie yule mkubwa. Atakasirika."

Mzee alinyanyua uso akanitazama.

"Sitamwambia, mama," alisema.